Camino ya machipuko: matope, malengelenge na wiki ya kwanza

Anayeuliza aende lini Camino de Santiago, hija ya kutembea kwa miguu hadi Santiago, Hispania, hujibiwa haraka: Aprili au Mei. Jibu ni sahihi, ila ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba ndani ya wiki moja ya Aprili unaweza kupigwa na jua hadi shingo ibabuke, ukanyeshewa siku tatu mfululizo, kisha ukaamka ukakuta barafu nyembamba juu ya matope. Anayejiandalia maua peke yake huishia mji wa Logroño, siku ya saba au ya nane, akiulizia basi la kurudi.

Njia inayozungumziwa hapa ni ile ya Camino Francés. Inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pirenei, hadi Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, ambako kwa mapokeo ya Kanisa ndiko alikozikwa Mtume Yakobo mwana wa Zebedayo. Ni kilomita kama 780, na wengi huzimaliza kwa siku 30 hadi 35. Njia nyingine zipo, ya Ureno na ya pwani ya kaskazini zikiwemo, lakini hii ndiyo yenye vijiji vilivyokaribiana zaidi, na ndiyo inayomfaa anayekwenda mara ya kwanza. Upweke usikutishe: mwaka 2024 ofisi ya mahujaji ya Santiago ilitoa vyeti karibu 500,000 kwa waliofika kwa njia zote.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo, hija huanzia kwenye viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Maombi yanakwenda kwa Wahispania hata kama ndege itatua Paris na hatua ya kwanza utaipiga Ufaransa, kwa sababu nchi utakayokaa siku nyingi zaidi ndiyo inayoshughulikia. Ada ya mtu mzima ni euro 90, bima ya safari isipungue euro 30,000, na maombi huanza kupokelewa miezi sita kabla ya safari. Kinachowakwamisha mahujaji ni uthibitisho wa malazi. Nyumba za mahujaji, ambazo huko huitwa albergue, ni za aina mbili kubwa: za manispaa na parokia, ambazo kwa kawaida hazishikii mtu nafasi, na za watu binafsi, ambazo hushika. Kwa ajili ya karatasi za ubalozi tumia hizi za pili, zile zinazokubali kufutiwa oda bila malipo, na uambatishe ratiba ya siku kwa siku yenye jina la kijiji na kilomita. Omba siku za ziada. Siku 35 za kutembea bila hata siku tano za akiba ni mtego, kwa kuwa mguu ukivimba hautajali muhuri wa viza unaisha lini.

Waliowahi kwenda Namugongo kwa miguu kabla ya Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, wanajua kundi linavyombeba mtu: kuna kiongozi, kuna wimbo, kuna parokia inayowasubiri jioni. Camino haiko hivyo. Kila mmoja anakwenda kwa mwendo wake, na mwendo wa mwenzako ndio utakaokuumiza ukijaribu kuufuata.

Tuje kwenye mzigo, maana hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika kabla mtu hajatoka nyumbani. Kanuni ya zamani ni kwamba begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 abebe kilo sita na nusu, na lita moja ya maji peke yake ni kilo nzima. Kwa machipuko, begi la lita 30 hadi 36 linatosha, na lenyewe tupu lisivuke kilo moja na robo. Ndani yake weka mfuko wa kulalia wa gramu 700 hadi 900, kwa sababu nyumba nyingine huzima joto mara Pasaka ikipita wakati usiku wa Burgos na León, miji iliyo zaidi ya mita 800 juu ya bahari, bado unashuka karibu na sifuri. Nguo ni seti mbili tu: moja mwilini, moja kavu begini. Soksi za sufu jozi tatu. Sweta jepesi la fleece, koti la mvua, kofia ya jua na ya baridi, glavu nyembamba, ndala za bafuni, kipande cha sabuni. Kila kilicho begini kifungwe kwanza ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa plastiki, maana kifuniko cha mvua cha begi hakizuii maji yanayotiririka mgongoni.

Vya kuacha ni vingi zaidi. Jinzi hazikauki kwa siku mbili. Taulo la pamba ni vivyo hivyo. Biblia ya jalada gumu ina nafasi yake kanisani. Kwa njia hii chukua Agano Jipya la mfukoni au lisome kwenye simu. Ukifika ukagundua umezidisha, posta ya Hispania, Correos, hupokea kifurushi na kukitunza Santiago hadi ufike. Yapo pia magari yanayobeba begi kutoka kijiji hadi kijiji kwa euro tano hadi saba hivi kwa siku. Wapo wanaosema anayefanya hivyo si hujaji kamili. Waache waseme. Goti linalouma siku ya nne halihitaji mahubiri, linahitaji kupunguziwa kilo sita.

Viatu vinunuliwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, ukiwa umevaa soksi zile zile za safari, na kati ya kidole gumba na ncha ya kiatu kubaki upana wa kidole gumba cha mkono. Kwa kawaida hiyo ni nusu namba au namba nzima juu ya unayovaa kila siku. Kuhusu buti zisizopitisha maji mabishano hayaishi. Ukweli wake ni huu: kinachozuia maji kuingia kinayazuia pia kutoka. Siku moja ya mvua ya Galicia, jimbo la mwisho wa njia, maji huingilia juu kwenye kifundo, na buti hiyo itachukua siku mbili kukauka. Kiatu chepesi cha kukimbilia njia za milimani hulowa baada ya dakika kumi lakini kesho yake kimekauka. Anayeanza mwishoni mwa Machi, theluji ikiwa bado juu, avae buti. Anayeanza Mei achukue chepesi. Kwa vyovyote viwe vimetembelewa kilomita 100 au zaidi nyumbani, begi likiwa mgongoni.

Kiatu kilicholowa kikaushwe kwa magazeti. Toa kitambaa cha ndani kinachokanyagwa, fungua kamba hadi chini, sokomeza karatasi zilizokunjwakunjwa, subiri saa moja, zitoe zikiwa chepechepe na uweke nyingine. Rudia kabla ya kulala. Usikiweke juu ya hita wala karibu na moto. Gundi ya soli huachia, na hutajua hadi soli ianze kupiga makofi katikati ya mteremko.

Siku ya kwanza ndiyo ngumu kuliko karibu zote, na ndiyo unayokutana nayo mwili ukiwa bado na uchovu wa ndege. Kutoka Saint-Jean hadi Roncesvalles kwa njia ya juu, inayoitwa ya Napoleon, ni kilomita kama 25, na unapanda zaidi ya mita 1,200 hadi mahali pa juu kabisa pa siku hiyo, Lepoeder. Njia hiyo hufungwa kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31, na mvunja katazo akihitaji kuokolewa anaweza kudaiwa gharama. Aprili 1 si uchawi, hata hivyo: theluji na ukungu haviangalii kalenda. Ofisi ya mahujaji ya Saint-Jean, kwenye mtaa wa Rue de la Citadelle, hutoa hali ya hewa ya mlimani, na ndipo unapochukua credencial, kile kijitabu cha kugongewa mihuri. Wakikuambia shika njia ya bonde kupitia Valcarlos, shika hiyo. Kama hali ni nzuri lakini miguu ni migeni, lala Orisson, kilomita kama nane juu, kwa kushika nafasi miezi kabla. Vitanda ni vichache.

Pale Lepoeder njia inagawanyika. Ya moja kwa moja inaporomoka ndani ya msitu, na wakati wa machipuko majani makavu ya mwaka jana yanafunika matope na mizizi. Ya kulia inazunguka kupitia Ibañeta, ni ndefu kidogo na haina ukali ule. Shika ya kulia. Kesho yake kuna mteremko mwingine ambao wengi hawauhofii kwa sababu haupo milima mirefu: kilomita tatu na ushee za mwisho kabla ya Zubiri. Mawe pale yamesimama upande, kama kurasa za kitabu kilicholowa, na mvua ikinyesha huteleza kama yamepakwa sabuni. Fimbo mbili za kutembelea ndipo zinapolipa gharama yake. Zirefushe kidogo unaposhuka, tanguliza fimbo kabla ya mguu, piga hatua fupi na goti likunjike kidogo. Kumbuka pia kwamba fimbo huweza kukataliwa ndani ya ndege kama mzigo wa mkononi, nunua Saint-Jean.

Malengelenge huanza mapema, na huwa na sababu tatu zinazoshirikiana: joto, unyevu na msuguano. Kabla ya lengelenge kuna dakika kama ishirini za onyo, sehemu moja ya ngozi inawaka moto. Simama hapo hapo, hata kama kijiji kiko mbele kidogo na wenzako wanaondoka. Vua kiatu na soksi, toa mchanga, futa jasho, acha mguu upoe, bandika plasta ya kitambaa bila kuacha mkunjo, vaa soksi kavu. Hizo ni dakika kumi. Ukizinyima utalipa siku tatu.

Likishajaa maji, subiri jioni ukishaoga. Nawa mikono, pasha sindano moto au ifute kwa spiriti, toboa ukingoni upande wa chini, matundu mawili, kisha bonyeza taratibu kwa shashi hadi maji yaishe. Ngozi ya juu usiikate. Ndiyo bandeji bora uliyonayo. Paka iodini, acha wazi usiku, funika asubuhi. Utakutana na wanaopitisha uzi na kuuacha ndani ili maji yaendelee kutoka. Uzi huo huo ni barabara ya vijidudu kuingia. Plasta nene za jeli ni nzuri kwenye ngozi isiyopasuka, lakini ukiibandua kabla haijaachia yenyewe inaondoka na ngozi. Wekundu ukianza kusambaa au usaha kutoka, nenda kituo cha afya. Maduka ya dawa yenye msalaba wa kijani yapo karibu kila mji, na wauzaji wa njia hii wameona miguu mingi kuliko madaktari wengi. Namba ya dharura ni 112.

Baada ya Pamplona huja matope. Udongo wa Navarra na La Rioja ni mfinyanzi hasa. Baada ya mvua unashika soli kama ugali mzito unavyoshika mwiko, na kila hatua unaongeza tabaka. Nyonga ndizo zinazochoka, si miguu. Usipige kiatu chini kwa nguvu ili matope yaanguke, kwa kuwa ndivyo watu wanavyotegua kifundo. Kwangua kwa fimbo kila baada ya muda, pita ukingoni penye nyasi, na siku ikiwa mbaya kabisa fuata barabara ya lami iliyo karibu, upande wa kushoto, magari yakija mbele yako. Mshale wa njano utauona tena. Mishale hiyo ilianza kupakwa mwaka 1984 na Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro, na leo ipo kwenye miti, kuta na mawe kiasi kwamba kupotea ni kazi. Anayepotea mara nyingi alikuwa anaangalia simu.

Meseta, ule uwanda kati ya Burgos na León, hausumbui kwa milima bali kwa usawa wake. Watu wanajisikia wazima, wanaanza kwenda kilomita 30, 35, juu ya kokoto ngumu, na siku ya tatu mfupa wa ugoko unauma kwa mbele kila wanaponyanyua mguu. Dawa ni kulegeza kamba za kiatu pale juu kwenye kifundo, kushuka hadi kilomita 15 na kupumzika siku nzima kama maumivu hayaishi. Baada ya Carrión de los Condes kuna kilomita 17 bila kijiji. Ondoka na lita mbili za maji na kitu cha kula. Kwingineko soma kibao cha bomba: potable ni ya kunywa, no potable si ya kunywa. Wapo wanaoiruka Meseta kwa basi. Ni haki yao, ila wanateremka León na miguu laini, na milima iko siku tatu mbele: msalaba wa chuma wa Cruz de Ferro, mita 1,500 hivi, kisha mteremko mrefu wa mawe hadi Molinaseca. Halafu O Cebreiro, mita 1,300, ambako theluji ya Aprili si habari ya ajabu.

Saa nazo humchanganya mtu wa ikweta. Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele kwa saa moja. Mwishoni mwa Aprili huko Galicia jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi, na saa tatu usiku bado kuna mwanga. Kwa hiyo kutoka saa kumi na moja alfajiri ni kutembea gizani bila sababu, kuwaamsha waliolala na kukosa mishale. Ondoka saa moja. Albergue nyingi hufunguliwa kati ya saa saba na saa nane mchana, hufunga milango saa nne usiku, na asubuhi saa mbili wote nje. Pasipoti utaulizwa kila jioni, kwa hiyo isikae chini ya begi. Kitanda cha albergue za serikali ya Galicia ni euro 10, za binafsi hufika 15 au 18. Zile zinazoitwa donativo, ambako kila mtu hutia sandukuni kiasi anachoweza, si za bure. Sanduku lile ndilo linalonunua chakula cha watakaokuja kesho.

Kabla ya kutandika mfuko wako, inua kona za godoro na umulike mishono kwa tochi ya simu. Vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu vilivyojipanga ni kunguni. Begi lisipandishwe kitandani kamwe. Ukiumwa nao, nguo zote zipigwe mashine ya kukausha kwa moto mkali. Kufua kwa maji baridi kunawaogesha tu.

Chakula ni rahisi kama unajua ratiba. Maduka ya vijijini hufungwa tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja hivi, na Jumapili mengi hayafunguliwi. Jumamosi jioni nunua mkate, jibini, matunda na kopo la samaki. Asiyekula nguruwe awe macho: vipande hutiwa ndani ya dengu, maharage na supu ya mboga ya Galicia bila kutajwa, na mafuta yake huingia kwenye keki. Sema sin cerdo, yaani bila nguruwe, na uliza tena kuhusu supu. Kimbilio la kila siku ni tortilla, ambayo huko ni mayai na viazi, si chapati.

Juma Kuu hubadilisha hesabu zote. Wahispania wenyewe huwa likizoni, vitanda huisha mapema; shika nafasi kwa siku hizo tu. Mwaka 2027 sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, Julai 25, itaangukia Jumapili, hivyo ni Mwaka Mtakatifu, na msongamano utaanza tangu machipuko. Kuanzia Sarria, zikiwa zimebaki kilomita kama 115, njia hujaa hata mwaka wa kawaida, kwa sababu cheti kinataka angalau kilomita 100 kwa miguu. Hapo gonga mihuri miwili kwa siku, mmoja unapolala na mwingine kanisani au mgahawani. Mtu aliyetoka Ufaransa anaweza kusahau sharti hili kwa kuwa mihuri yake ni mingi tayari. Wanaoikagua huangalia tarehe.

Ukifika Santiago, begi kubwa haliruhusiwi ndani ya kanisa kuu. Liache kwanza unakolala, ndipo uende Misa ya mahujaji ya saa sita mchana, na usisubiri kuona kile chetezo kikubwa cha ubani cha kanisa hilo kikibembea, maana hakibembezwi kila siku. Ofisi ya cheti iko Rúa das Carretas. Jaza taarifa zako kwenye simu kabla ya kuingia. Cheti chenyewe ni bure, kwa Kilatini, na cha kuonyesha kilomita ulizotembea ni euro tatu. Kasha la duara la kukihifadhi huuzwa euro mbili. Linunue hapo hapo, kwa sababu nje mvua ya Galicia pengine bado inanyesha.